Mgongo ndio mtaji: usalama kazini tulioujenga wenyewe kwenye nyumba ya wazee

Ukifanya kazi ya CNA, yaani mhudumu mwenye cheti anayewasaidia wauguzi, kwenye nyumba ya wazee hapa Minnesota, Marekani, mgongo ndio mtaji wako. Kodi ya nyumba, karo ya wadogo zako Kenya, dawa za mama, mchango wa msiba wa juzi, vyote vinatoka kwenye mgongo huo. Ndiyo maana sisi tuliotoka Kenya, pamoja na ndugu zetu Waliberia na Wasomali tunaofanya nao kazi huku Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis, tuna tabia moja inayoniuma sana: mtu akiumia, anaficha. Anafika nyumbani, anachuliwa na binti yake, anameza dawa ya maumivu, na jioni yuko kazini tena. Wengine wanapiga dabo, saa kumi na sita mfululizo, huku wamejifunga mkanda wa kiuno chini ya sare ili msimamizi asiuone. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na nimewashuhudia dada zangu wakiumbuliwa hivyo: mtu wa miaka arobaini hawezi tena kumbeba mwanawe.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya usalama katika nyumba moja ya wazee, kamati ambayo wafanyakazi wenyewe ndio wanaoiongoza. Nilichojifunza humo ni kwamba majeraha yale hayakuwa bahati mbaya wala uzembe wa mtu. Yalikuwa na chanzo, na waliokijua chanzo ni wale walio chini kabisa kwenye orodha ya mishahara. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Nianze na mafunzo, maana hapo ndipo wengi wanapopotezwa. Sheria ya shirikisho inataka CNA apate mafunzo ya saa zisizopungua 75. Ndani ya saa hizo, na tena kila mwaka, tunaambiwa yale yale: kunja magoti, nyoosha mgongo, usogeze mzigo karibu na mwili. Ushauri huo unafaa kwa sanduku lenye mishikio. Mzee mwenye kiharusi hana mshikio. Anaweza kukakamaa ghafla, akakukumbatia shingo kwa hofu, au magoti yakamlegea mkiwa katikati ya kitanda na kiti cha magurudumu. Thomas Waters, mtafiti wa NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini, aliandika mwaka 2007 kwamba mhudumu asinyanyue kwa mikono zaidi ya ratili 35, yaani kama kilo 16, na hapo ni pale mgonjwa anaposhirikiana na wewe na umesimama vizuri. Ukizidi hapo, tumia mashine ya kunyanyulia. Sasa fikiria: mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 100 unakaribia kilo 16. Ukiushikilia mguu huo juu huku mwenzako anafunga kidonda, tayari umefika kwenye kikomo, na hujamnyanyua mtu bado. Nilipoielewa hesabu hiyo niliacha kabisa kuwaambia wageni wa kazi wakunje magoti. Nawaambia wakalete mashine.

Mwaka huo huo wa 2007, Minnesota ilipitisha sheria ya kuwahamisha wagonjwa kwa usalama. Kila hospitali na kila nyumba ya wazee yenye leseni inatakiwa kuwa na sera iliyoandikwa na kamati yake, na angalau nusu ya wanakamati wawe wauguzi na wahudumu ambao si mameneja. Sheria hii ni muhimu kwetu kwa sababu kanuni ya taifa zima haipo. OSHA, idara ya shirikisho ya usalama kazini, ilitoa kanuni kuhusu majeraha ya misuli na mgongo mwaka 2000, na Bunge likaifuta Machi 2001 kabla haijakolea. Kilichobaki ni miongozo, ule wa nyumba za wazee ukitolewa mwaka 2003, na sheria za majimbo machache.

Basi sheria tulikuwa nayo, na kamati tulikuwa nayo, kwenye faili. Ilikutana saa nne asubuhi katikati ya wiki. Wa shifti ya usiku wakati huo wako usingizini, wa jioni wanajitayarisha, na wa asubuhi wana wazee kumi kila mmoja. Waliohudhuria ni wakuu wa idara na CNA mmoja aliyeteuliwa na meneja. Walikuwa watu wema, nasema kwa dhati. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walijadili mabango ya ukutani.

Aliyeligeuza jambo hili ni mama mmoja kutoka Kisii, mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tulimwita Shangazi. Alikuwa amesikia kwa binti yake kwamba mfanyakazi ana haki ya kuiona orodha ya majeraha ya pale kazini, ile fomu ya OSHA namba 300. Akaenda ofisini akaiomba. Sheria inasema mwajiri akupe nakala kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha, naye akapewa. Tulikaa nayo kwenye chumba cha mapumziko, vichwa vitano juu ya karatasi moja, na Shangazi akawa anasoma mstari kwa mstari. Alipomaliza akauliza, "Mimi mbona simo?" Dada wa Kisomali akajibu, "Hata mimi, Shangazi." Kila mmoja pale alikuwa ameumia mwaka ule. Karibu hakuna aliyekuwemo.

Fomu ile haikuwa na uongo. Jeraha huandikwa pale linapohitaji matibabu zaidi ya huduma ya kwanza, au linapokukosesha kazi, au linapokufanya upewe kazi nyepesi. Ukijichua nyumbani ukarudi kesho, kwa fomu hukuumia. Na kwa uongozi unaosoma fomu, nyumba ni salama.

Tulidai kitu kimoja kwanza: wawakilishi wa wafanyakazi wachaguliwe na wafanyakazi. Hilo halikuwa ombi la hisani. Sheria ya Minnesota inayowataka waajiri wenye watu zaidi ya 25 kuwa na kamati ya pamoja ya usalama inasema hivyo hivyo. Kila shifti ikachagua wake, na tukasisitiza wasiwe CNA peke yao. Jikoni, usafi na chumba cha kufulia nao wakaleta watu. Kikao kikahamishwa hadi saa nane na nusu mchana, wakati shifti ya asubuhi inapopokezana na ya jioni, na wa usiku wanaokuja wanalipwa muda wao. Suala la kulipwa tulilishikilia kwa nguvu. Ukimwita mtu kuja kuzungumza usalama bila malipo siku yake ya kulala, atakuja mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili hutamwona.

Kisha tukatundika daftari. Daftari la kawaida la shule, limefungwa kwa kamba karibu na mashine ya kahawa. Andika ulichokiona, kwa lugha unayoiweza, jina si lazima. Tuliomba hasa yale yaliyotaka kutokea yakakosea kidogo: mzee aliyeteleza mkamdaka, kitanda kilichosogea, sindano iliyoachwa kwenye shuka. Wiki ya kwanza kurasa zilikuwa tupu, watu wakiangaliana. Halafu mtu wa usiku akaandika: "Breki za kitanda cha kona hazishiki." Fundi akazitengeneza siku ile ile, na mwanakamati akaandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Imetengenezwa." Baada ya hapo daftari lilijaa. Ningemshauri yeyote anayeanza achague kitu kidogo kinachoweza kurekebishwa kesho, akirekebishe, na aandike mbele ya macho ya wote kwamba kimerekebishwa.

Lile daftari lilituonyesha jambo ambalo fomu 300 isingeweza kulionyesha. Mistari mingi ilihusu alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa moja. Tukaamua kwenda kuangalia. Tuliandamana na wa shifti ya usiku korido kwa korido, na tukaona. Wakati ule wahudumu wachache wanaobaki wanatakiwa kuwaamsha wazee, kuwabadilisha, kuwavisha na kuwaweka kwenye viti kabla ya kifungua kinywa. Mashine ya kunyanyulia ilikuwa moja kwa korido mbili, na chaja yake ilikuwa mwisho wa jengo, karibu na meza ya nesi. Betri mara nyingi ilikuwa imekufa kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine ameichomeka. Na ukiipata mashine ikiwa na chaji, mbeleko hakuna. Namaanisha ile nguo nene anayokalishwa mzee ndipo mashine imnyanyue. Mbeleko zote zilipelekwa kufuliwa jioni kule chini, na chumba cha kufulia kilifunguliwa asubuhi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mashine ya bei kubwa imesimama ukutani, na dada wawili wanamshika mzee kwapani na mapajani, moja, mbili, tatu, nyanyua. Kila siku. Halafu siku mmoja akiteguka mgongo, ripoti inasema hakufuata utaratibu.

Dawa yake haikuwa ngumu. Betri za ziada zikanunuliwa, na ubao wa chaja ukawekwa katikati ya korido, na kuzichomeka kukawa kazi ya mtu mmoja aliyeandikwa kwenye orodha ya zamu. Kila mzee akapata mbeleko yake yenye jina, ikining'inia nyuma ya mlango, na ya akiba. Tukazipanga kwa ukubwa pia, maana rangi ya pindo inaonyesha saizi, na mzee mwembamba akiwekwa kwenye mbeleko pana anaweza kuchomoka. Yule mama wa chumba cha kufulia ndiye aliyependekeza mzunguko wa kufua uanze mchana ili jioni zote ziwe zimekauka. Miaka yote alikuwa na jibu hilo kichwani.

Lililokuwa gumu ni kifungua kinywa. Tuliuliza: kwa nini lazima wote waamshwe alfajiri? Hakuna aliyekuwa na jibu zaidi ya kwamba ndivyo ilivyo. Mpishi aliyekuwa kwenye kamati akasema uji na mayai anaweza kuvitoa kwa awamu mbili, bora tu aambiwe nani ni wa awamu ipi. Ilichukua muda mrefu na mabishano mengi, lakini sasa anayependa kulala analala. Wazee wanafurahi, mbio za alfajiri zimepungua, na migongo imepata nafuu. Hili nalipenda kuliko mengine yote tuliyofanya, kwa sababu linaonyesha wazi kwamba usalama wa mhudumu na heshima ya mzee vinakwenda pamoja.

Uongozi ulipokubali kununua mashine nyingine, tuliomba zije za kujaribu kabla ya kulipiwa. Tukanyanyuana wenyewe. Shangazi alikubali kuwa wa kwanza, akakaa kwenye mbeleko, mashine ikampandisha, na miguu ilipoachana na godoro alinyamaza kimya, akashika mkono wangu kwa nguvu. Alipotua alisema, "Sasa najua kwa nini bibi wa chumba cha mwisho hulia." Kuanzia siku ile utaratibu wetu ni huu: mmoja anaendesha mashine, mwingine anasimama upande wa uso wa mzee, anamshika goti au mkono, anamwambia kinachofuata kabla hakijafanyika. Mzee akitulia hapapatiki, na asipopapatika humvuti. Kuhusu mashine zenyewe, moja tuliikataa kwa sababu miguu yake haikuingia chini ya vitanda vyetu vya chini, nyingine magurudumu yake yalizama kwenye zulia. Muuzaji alikuwa na karatasi nzuri. Zulia letu hakulijua.

Kuna majeraha ambayo hakuna mashine inayoyazuia. Wazee wenye shida ya akili inayosahaulisha hupiga, huuma, huvuta nywele, na wahudumu wengi huchukulia kwamba ni sehemu ya kazi. Tulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa mkulima, mpole siku zote, ila siku ya kuoga aligeuka. Ngumi. Kwenye faili aliandikwa kuwa mkali. Kaka wa Kiliberia anayesafisha mabafu ndiye aliyetuambia kikaoni kwamba yule mzee huanza kukasirika feni inapowashwa, na hubadilika kabisa anapovuliwa shati kwenye baridi ya vigae. Nesi akabadilisha mpango wake wa huduma: aoshwe kitandani kwa taulo zenye maji ya moto, amefunikwa, sehemu moja baada ya nyingine, na azungumze mtu mmoja tu. Hakupiga tena kama zamani. Kaka yule hakuwahi kuulizwa kitu chochote kuhusu huduma ya mzee yeyote kabla ya siku hiyo.

Barafu niipite haraka. Januari ya Minnesota inaua. Shifti ya asubuhi inafika gizani kabla ya gari la kusafisha theluji, na mlango wa wafanyakazi uko upande usiopata jua. Ndoo ya chumvi na koleo vikawekwa pale mlangoni, na taa ikabadilishwa. Basi.

Sindano pia tulizigusa, na hapo sheria ilitubeba. Tangu mwaka 2000 kuna sheria ya shirikisho ya kuzuia kuchomwa na sindano, inayomtaka mwajiri atafute maoni ya wahudumu wasio mameneja anapochagua sindano salama. Manesi wetu wa usiku wakachagua wenyewe, na masanduku ya kutupia yakashushwa hadi chini kidogo ya usawa wa macho.

Jambo lililotugombanisha na uongozi kwa muda lilikuwa piza. Kulikuwa na zawadi: idara ikimaliza mwezi bila jeraha kuripotiwa, wote wanaletewa chakula. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba msichana mgeni aliyeteleza bafuni aliambiwa na wenzake asiripoti, wasije wakakosa. Tulikwenda kama kamati tukaeleza kwamba zawadi ile inanunua ukimya. Walisita, kisha wakabadilisha: sasa chakula kinaletwa kwa idara iliyoandika mengi kwenye daftari na kufuatilia hadi yakarekebishwa. Idadi ya ripoti ilipanda sana, na meneja mmoja akaingiwa na hofu. Ilibidi tumwonyeshe kwamba mengi ni yale yaliyokosea kidogo, na kwamba siku za watu kukosa kazi zilikuwa zinashuka.

Sitaki mtu adhani kila kitu kimenyooka. Uhaba wa watu unatuvunja. Sera inasema mashine iendeshwe na watu wawili, na usiku wa mwisho wa wiki korido ina mtu mmoja. Wafanyakazi wa muda wanaoletwa na ejensi wanakuja bila kujua mbeleko ziko wapi. Tumewaandalia karatasi moja ya maelezo, lakini karatasi haiwi mtu wa pili. Hapo kamati ya jengo moja inafika mwisho wa uwezo wake. Mwaka 2023 jimbo liliunda bodi ya viwango vya kazi kwa nyumba za wazee, yenye wajumbe tisa, watatu kati yao wakitoka kwa wafanyakazi, na matumaini yangu kuhusu idadi ya watu na mishahara yako huko.

Kwa wenzangu wenye hofu ya makaratasi, nayasema haya wazi kwa sababu nimeulizwa mara nyingi baada ya ibada na kwenye harambee. Fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini hapa Minnesota haibagui asiye raia. Ripoti jeraha siku ile ile, kwa maandishi, ubaki na nakala. Ukiadhibiwa kwa kuripoti hatari, una siku 30 tu za kulalamika kwa idara ya usalama kazini ya jimbo, kwa hiyo usikae ukingoja hasira ziishe. Na kuanzia tarehe 1 Februari hadi 30 Aprili kila mwaka, muhtasari wa majeraha, fomu 300A, unatakiwa kubandikwa mahali mnapouona. Uusome. Ukiona tarakimu haifanani na maumivu unayoyajua, hapo una pa kuanzia.

Kwa sasa tunapigania mashine za reli za darini kwenye mabafu, kwa sababu ile ya magurudumu haigeuki vizuri mlangoni na bado tunapinda kiuno. Uongozi unasema ni ghali. Jimbo lina ruzuku ya usalama ambayo mwajiri akichangia, linaweza kumlinganishia hadi dola 10,000, na Shangazi, ambaye mgongo wake haumruhusu tena kunyanyua na sasa ndiye mwenyekiti wetu, ameshaandika rasimu ya maombi na kuambatisha kurasa za daftari zinazohusu bafu la korido ya mashariki. Mkurugenzi amesema ataisoma kabla ya kikao kijacho, nasi tumeiweka kuwa ajenda ya kwanza.